Kivuli cha trela na upepo wa kusi: fahamu vipande vyake na namna ya kukifunga

Leo siandiki siasa za kaunti wala bei ya unga. Naandika habari ya kivuli: lile turubai linalotokeza mbele ya trela ya kuuzia chakula. Jua likiwaka sote tunalikimbilia, lakini hakuna anayeinua kichwa kutazama limefungwa vipi.

Nina sababu ya kuandika. Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu mkubwa, anauza chakula kwenye trela ndogo upande wa Likoni. Asubuhi ni mahamri na viazi vya karai, jioni ni chipsi na mishikaki. Watoto wanne wanasomeshwa na trela ile. Siku moja ya mwezi wa Juni, kusi ikiwa imeshika, upepo ulikinyanyua kivuli chote, ukaking'oa ukutani na kukigeuza juu ya paa. Paipu moja ya kiunzi ilirudi chini ikaigonga karai. Mafuta ya moto yalimwagika kwenye mguu wa kijana wake wa miaka 14 aliyekuwa akimenya viazi.

Alhamdulillah, mguu umepona, ingawa kovu limebaki. Lakini nilipokwenda kumtazama hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Ami, si wewe ulikuwepo siku fundi alipokifunga?"

Nilikuwepo. Niliziona zile riveti. Nina diploma ya ufundi wa mitambo, na mambo haya nilifundishwa darasani. Lakini fundi alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na haraka, na kusema kweli sikutaka kujitia mjuzi mbele ya mtu anayekula kwa jasho lake. Nikanywa chai yangu nikaondoka. Makala haya ni deni ninalolilipa. Trela za chakula, za kahawa, za kuuza nguo na za kinyozi zimezidi mwambao mzima, na aghlabu vivuli vyake vimefungwa kama kile.

Vipande vyenyewe

Kivuli cha trela kina sehemu tano. Ukizijua hizi, fundi hatakuuzia maneno.

Ya kwanza ni mshiko, yaani pale kivuli kinapoungana na ukuta au paa la trela. Hapa ndipo penye bamba, bawaba, bolti au reli. Ajali nyingi huanzia hapa, si kwenye kitambaa.

Ya pili ni kiunzi: paipu za mraba au za duara zinazokipa kivuli umbo. Wengi hutumia chuma cha kawaida kilichochomelewa, wengine paipu za zinki, na wenye uwezo hutumia alumini.

Ya tatu ni mikono au miguu. Mikono hutoka ukutani kwenda juu kwa mshazari na kushikilia ukingo wa mbele. Miguu husimama chini. Tofauti yake ni kubwa: mkono huurudisha uzito wote kwenye ukuta wa trela, mguu huupeleka ardhini.

Ya nne ni kitambaa au bati la kufunikia.

Ya tano ni kamba, vigingi na uzito wa kuzuia kivuli kisipae. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote, kwa kuwa kivuli kikitazamwa siku ya shwari huonekana hakiihitaji.

Hesabu ya upepo na maji

Watu wengi hudhani kazi ya kivuli ni kubeba uzito wake kisianguke. Hiyo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuzuia kisinyanyuke. Kivuli kilichofunguliwa ni tanga, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa tanga hufanya nini likishika upepo. Tofauti ni kwamba nahodha anatazama anga na kuteremsha foromali mapema, ilhali sisi huacha turubai wazi hata mawingu yakishuka kutoka baharini.

Tufanye hesabu. Kivuli cha urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 kina eneo la mita mraba 6. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 6 kwa kila mita mraba, kwa hivyo kivuli kizima hupata kama kilo 37. Mtu anaweza kudhani si kitu. Lakini upepo una tabia moja: kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Upepo huo ukifika kilomita 72 kwa saa, kama yafanyavyo mapigo ya ghafla ya tufani la mvua, kivuli kile kile husukumwa kwa karibu kilo 150. Ni sawa na magunia matatu ya saruji yanayokivuta kwenda juu. Hesabu hii ni ya makadirio, kwani umbo la kivuli na mahali trela iliposimama huongeza au kupunguza, lakini yatosha kukuonyesha ukubwa wa jambo.

Tena nguvu hiyo haivuti moja kwa moja. Upepo huinua ukingo wa mbele, nao ukingo ule ni mbali na ukuta. Kwa hivyo kivuli hufanya kazi kama mtaimbo: huichokonoa riveti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, kama mtu anayefungua kopo.

Maji nayo yana hesabu yake. Milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Turubai lililolegea katikati likikusanya maji ya kina cha sentimita 5 kwa wastani, mita mraba zetu 6 hubeba kilo 300. Dawa yake ni mteremko na kukaza. Kwa kila mita moja kivuli kinapotokeza mbele, ukingo wa nje uwe chini kwa kiasi cha sentimita 25. Ukiweka mteremko mdogo kuliko huo kwa kupenda urefu, masika yatakutafuta.

Njia za kufunga

Njia ya kwanza ndiyo iliyomponza shemeji yangu: kupiga riveti kwenye bati la ukuta. Trela zetu nyingi zina mbavu za paipu za mraba, na juu yake bati jembamba limefunikwa. Riveti ya kuvuta ni nzuri pale nguvu inapokwenda ubavuni, kama vipande viwili vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Lakini nguvu inapoivuta itoke nje, hasa kwenye bati jembamba, bati lenyewe huraruka na riveti hutoka nzima na kichwa chake. Kivuli kile kilikuwa na riveti nane, na zote zilikuwa kwenye bati tupu katikati ya mbavu. Hakuna hata moja iliyoshika ubavu. Nilizihesabu baadaye, matundu yakiwa yamebaki ukutani.

Njia ya pili ni bolti inayopita hadi ndani. Toboa ukuta pale penye ubavu, pitisha bolti ya milimita 8, na kwa ndani weka bamba la chuma au alumini la unene wa milimita 3 au zaidi, lenye upana kama wa kiganja, kisha washa pana na nati yenye nailoni ndani yake. Nati hiyo hailegei kwa mtikiso wa barabara. Bamba la nyuma ndilo siri ya njia hii, kwa sababu hutawanya nguvu katika eneo kubwa badala ya tundu moja. Kutafuta ubavu si kazi: gonga ukuta kwa kidole usikilize mlio unapobadilika, au fuata mstari wa riveti za bati. Kama mbavu ni za chuma na bati ni alumini, sumaku ndogo itakuonyesha.

Njia ya tatu ni reli. Hii ni fito ya alumini yenye mfereji mwembamba, hufungwa kwa bolti kwenye ubavu wa juu wa trela. Turubai hushonewa kamba kwenye ukingo wake, kisha kamba hiyo huingizwa upande mmoja wa mfereji na kuvutwa hadi upande wa pili. Uzuri wake ni tatu: nguvu hugawanyika urefu wote, maji hayapenyi kati ya turubai na ukuta, na jioni unalitoa turubai zima ukaenda nalo nyumbani. Kwa mtu mwenye trela ndogo, hii ndiyo ninayoipendekeza.

Njia ya nne ni dirisha la kuinua. Ukuta wa upande wa kuuzia hukatwa, ukawekewa bawaba juu, na ukifunguliwa huwa ndio kivuli. Hushikiliwa na silinda mbili za gesi kama zile za mlango wa nyuma wa gari. Silinda hizi huandikwa nguvu yake kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni takriban kilo moja. Zikiwa dhaifu, dirisha hushuka juu ya vichwa vya wateja. Zikiwa kali kupita kiasi, hulipinda bati na kung'oa bawaba. Zifungwe fimbo nyembamba ikielekea chini wakati dirisha limefungwa, ili mafuta yaliyo ndani yaendelee kulainisha mpira wa kuzibia gesi. Na usizitegemee peke yake: weka fimbo ya chuma yenye pini kila upande, maana gesi huvuja kidogo kidogo na siku ya kuisha haitoi taarifa.

Njia ya tano ni shedi inayosimama yenyewe kando ya trela, yenye miguu minne, isiyogusa ukuta kabisa. Hii haiumizi trela, lakini usalama wake wote uko kwenye uzito wa chini. Kigingi kwenye mchanga wa ufuoni hung'oka kama jino bovu. Tumia ndoo ya lita 20 iliyojazwa zege, ambayo huwa na uzito wa karibu kilo 48, moja kwa kila mguu. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 tu, kwa hivyo usijidanganye kwamba ni sawa. Penye udongo mgumu, kigingi kipigwe kikiegemea nje, mbali na shedi, na kamba itoke kwa mshazari wa katikati, si wima wala si chali.

Wenye pikapu wanaofunika nyuma kwa kanopi nao wana uchaguzi kama huu. Kanopi inaweza kubanwa kwa vibano kwenye ukingo wa bodi bila kutoboa, au kufungwa kwa bolti zinazopita. Vibano vyafaa kwa anayeitoa na kuirudisha, mradi vikazwe upya baada ya safari ya kwanza. Anayebeba mzigo juu ya kanopi atumie bolti.

Chumvi ndiyo adui wa kimya

Haya yote yangemtosha mtu wa Nairobi. Sisi tuna adui mwingine: hewa ya bahari. Bolti ya chuma ya kawaida ikifunga alumini, na maji ya chumvi yakaingia kati yake, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Utaona unga mweupe pembeni mwa bolti, kisha tundu linapanuka, kisha bolti inacheza. Kwa hivyo weka washa ya nailoni au mpira kati ya metali mbili tofauti, na upake grisi kwenye bolti kabla ya kuikaza.

Hata chuma kisichoshika kutu kina daraja. Tazama kichwa cha bolti. Ikiandikwa A2 ni ile ya kawaida, na karibu na bahari hutoa madoa ya kahawia. Ikiandikwa A4 imechanganywa na molibdeni na huvumilia chumvi zaidi. Bolti iliyoandikwa 8.8 ina nguvu sana, lakini si ya aina hiyo, na isipopakwa zinki vizuri itashika kutu. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwonyeshe kichwa.

Paipu ya zinki ikichomelewa, zinki huungua pale penye kiungo. Kama fundi hatapasugua na kupapaka rangi yenye zinki, kutu itaanzia hapo hapo penye kazi kubwa. Moshi wa zinki inayoungua ni mbaya kwa mapafu, kwa hivyo kazi hiyo ifanyiwe nje penye upepo, watoto wakiwa mbali. Na kila paipu iliyozibwa ncha zote mbili itobolewe kitundu kidogo upande wa chini, ili maji yakiingia yapate pa kutokea.

Jambo dogo la mwisho hapa ni silikoni ya kuzibia matundu. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula metali. Ulizia isiyonuka siki.

Kitambaa na uzi

Turubai jepesi la plastiki lililofumwa, lile la buluu linalouzwa kila duka, ni la dharura. Jua letu hulichakaza likaanza kumeguka vipande vipande. Kanvasi ya pamba ina kivuli kizuri na hupumua, lakini ikikunjwa mbichi huota ukungu na kuoza. Kwa trela, kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC ndicho hudumu zaidi kwa bei inayovumilika. Uulize uzito wake: kati ya gramu 500 na 650 kwa mita mraba kinatosha.

Uzi uwe wa poliesta, si pamba, maana turubai zima hufunguka kwenye mshono kabla kitambaa hakijachakaa. Pembe zishonewe tabaka mbili au tatu, na pete za shaba zipigwe kwenye tabaka hizo, si kwenye kitambaa kimoja.

Tena, ndugu msomaji, PVC hulainika kwa joto na huungua kwa moshi mbaya. Karai na jiko visikae chini ya turubai lililo chini chini. Mvua ikikulazimisha kuteremsha pande zote, zima jiko la mkaa kwanza. Moshi wake usioonekana huua mtu akiwa amekaa.

Tulivyofunga upya

Tulikifunga kivuli cha shemeji mwezi wa Agosti. Safari hii nilikaa hadi mwisho. Tulitumia reli ya alumini iliyofungwa kwa bolti za A4 kwenye mbavu, na bamba la nyuma kwa kila bolti. Mbele tuliweka miguu miwili badala ya mikono, kila mguu ukiwa na ndoo yake ya zege. Karai imehamishiwa ndani upande wa pili, ambapo hata kivuli kikianguka hakiifikii.

Fundi alikuwa yule yule. Najua wapo watakaonilaumu. Lakini alipoyaona yale matundu manane hakubishana. Alisema wateja wake wote humwambia apunguze bei, naye hupunguza pale wasipopaona. Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Shemeji mwenyewe aliniambia kwamba mara ya kwanza fundi alimtajia bolti na bamba, naye akachagua riveti kwa kuwa zilikuwa rahisi. Nilimuuliza tofauti ya bei ilikuwa kiasi gani. Ilikuwa chini ya mauzo yake ya siku mbili. Trela ilifungwa wiki tatu akimuuguza kijana.

Kwa hivyo nakuomba mambo manne. Kabla hujalipa, muulize fundi bolti zimeshika wapi, na uingie ndani uzione kwa macho yako. Kila mwezi pitisha kidole kwenye kila bolti, ile inayocheza ikazwe siku hiyo hiyo. Upepo ukibadilika au wingu jeusi likionekana baharini, teremsha turubai kwanza, mteja atasubiri. Na trela isivutwe hatua moja kivuli kikiwa wazi au pini haijaingia.

La tano ni la wenzangu tuliobahatika kusoma kidogo. Wazee wetu walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Lakini anayeunda anahitaji mtu wa kumwambia, kwa adabu, kwamba pale pamekosewa. Mimi nilinyamaza kwa kuona haya, na mtoto wa ndugu yangu ana kovu mguuni. Siku hizi nikipita kwenye trela yoyote nikaona riveti kwenye bati tupu, nasimama, naagiza chai, kisha nasema. Wengine hukasirika. Wawili wameshabadilisha.

Wabillahi tawfiq.